Golikipa Aliyerudia Uongo Mmoja

Mwandishi wa hadithi hii anaapa, mkono mmoja juu na mwingine umeshika kalamu, kwamba kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Hakuna lililoongezwa wala lililopunguzwa, na pale utakapoona jambo limezidi kidogo, ujue ni jambo lenyewe lilizidi siku ile, kalamu haina kosa. Mwenye kubisha akamuulize Mama Pacha, ambaye hajawahi kusema uongo maisha yake yote, na ndiyo maana watu wanamwogopa.

Mama Pacha ni fundi cherehani. Sebule yake ndiyo ofisi yake: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia, sare za shule zimening'inia kwenye misumari kama wanafunzi waliochelewa shule, na juu ya kabati sanduku la bati la vifungo, lenye vyumba vidogo vidogo ndani, kila rangi na chumba chake. Pacha wake walishakua wakaenda kuanza maisha yao. Aliyebaki naye ni mumewe, mstaafu wa karakana ya samani, ambaye jina alilopewa na wazazi wake lilishapotea. Watu wanamwita Chumvi.

Jina hilo halikuja bure. Mzee huyu hawezi kupokea habari akaipitisha ilivyo, lazima aikoleze. Akikuambia asubuhi kwamba karakana yao iliwahi kutengeneza kabati kubwa hata paka akapotelea ndani, mchana aliyepotea atakuwa mbuzi, na jioni kabati litakuwa limemmeza fundi mzima na randa yake, akaja kuonekana baada ya mwezi, kanenepa. Uongo wa Chumvi haulali mahali pamoja. Unakua, unabadili nguo, unahama mtaa. Mama Pacha alishausikia hadi akaacha kuusikiliza. Ulikuwa unampitia masikioni kama mlio wa cherehani yake mwenyewe. Na cherehani, ukiizoea, huisikii tena mpaka siku inapobadili mlio.

Sasa twende uwanjani. Wastaafu wa karakana ya samani wana timu yao ya mpira. Wa kiwanda cha sabuni wana yao, wa kiwanda cha viberiti wana yao, na kila mwaka wanagombea kombe ambalo mafundi wa samani walilichonga wenyewe kwa mbao, kisha wakashindwa kulichukua miaka yote iliyofuata. Nahodha wa Samani ni mdogo wake Mama Pacha, kwa hiyo ni shemeji yake Chumvi, na hao wawili wakikutana bila kutupiana maneno ujue mmoja wao amefiwa. Golini anakaa Chumvi, kwa sababu magoti yake yalikwishakataa kazi nyingine yoyote.

Mechi ya nusu fainali ilikuwa asubuhi, Samani na Sabuni. Mshambuliaji mmoja wa Sabuni, mtu mwenye kitambi cha kuheshimika, akapiga shuti la chini kuelekea pembeni. Chumvi akajirusha. Mpira akaupangua, hilo hata Sabuni wanakiri, lakini mwili haukujua pa kusimamia, na upande wa kichwa chake ukakutana na nguzo ya goli, nguzo ya chuma. Waliokuwepo wanasema mlio ulikuwa kama wa mtu anayebisha hodi kwenye geti.

Hakuzimia. Alikaa chini, akalitazama jua kama mtu aliyelisahau jina lake, kisha akainuka. Na kwa kuwa hakuzimia, wote wakapumua, maana wote waliamini kwamba kichwa kikiumia kweli, mtu lazima azime kama taa. Wengi wetu tuliamini hivyo.

Samani hata hivyo walikuwa na desturi yao. Enzi za karakana, mtu akipigwa na ubao kichwani, msimamizi alimsimamisha na kumuuliza maswali mepesi kabla ya kumruhusu kurudi kwenye msumeno, maana msumeno hausamehe. Nahodha akaifuata desturi ile. Akamuuliza shemeji yake leo ni siku gani, tunacheza na nani, na nani anaongoza.

"Leo Alhamisi," akajibu Chumvi. "Tunacheza na Viberiti. Wameshatufunga saba."

Ilikuwa Jumamosi, walikuwa wanacheza na Sabuni, na hakuna aliyefungwa hata moja. Uwanja ukaangua kicheko. Refa alicheka mpaka filimbi ikamdondoka. Nahodha akampiga shemeji yake begani, akatangaza kwamba mzee ni mzima wa afya, chumvi yake yote ipo mahali pake, na akamrudisha golini.

Hapo ndipo wenye desturi walipopotezwa na desturi yao. Angekuwa mtu mwingine yeyote, majibu yale yangemtoa uwanjani mbio. Angekuwa Chumvi amejibu sawasawa, Jumamosi, Sabuni, bila kwa bila, huenda wangeingiwa na hofu. Lakini kwa Chumvi kujibu upuuzi, wakaona ndiyo salamu yake ya kila siku. Akamaliza mechi ameishika nguzo kwa mkono mmoja, kama mtu anayemsubiri mgeni kituoni. Sabuni nao, kwa bahati, walikuwa wamechoka kiasi cha kutolenga tena goli, na Samani wakapata bao moja dakika za mwisho.

Mama Pacha alikuwa anatia zipu kwenye sketi walipoingia. Nahodha akamketisha shemeji yake kwenye kiti, akaeleza kwamba wameingia fainali, kwamba mzee amesalimiana kidogo na nguzo, na kwamba hali yake ni nzuri kuliko ya refa. Kisha akajimiminia chai kutoka kwenye chupa kama yuko kwake, akamimina na ya Chumvi.

Chumvi akasimulia. Mpira ulikuja mkubwa kama tangi la maji, akasema, akaupangua kwa kidole kidogo. Mama Pacha akaitikia "ehe" bila kuinua macho. Chai ikanywewa. Chumvi akasugua shingo, akasema mpira ulikuja mkubwa kama tangi la maji, akaupangua kwa kidole kidogo. Mama Pacha akaitikia "ehe" nyingine, lakini miguu yake ikapunguza mwendo. Chumvi akauliza kama chai bado haijaiva. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, kimebaki majani chini.

Nahodha akacheka, akammiminia tena. Mama Pacha sasa alikuwa anamsikiliza mumewe kwa masikio mawili, jambo ambalo hakulifanya tangu uchumba. Chumvi akafumba jicho moja kuukwepa mwanga wa dirisha. Akasema, kwa maneno yale yale na kuvuta pumzi pale pale, kwamba mpira ulikuja mkubwa kama tangi la maji, akaupangua kwa kidole kidogo.

Cherehani ikasimama.

"Wa mkono gani?" akauliza Mama Pacha.

Chumvi akaitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua nyanya. "Sijui, mama," akasema.

Katika ndoa yao ndefu, Mama Pacha alikuwa amesikia kila aina ya jibu kutoka kwa mtu huyu, ila hilo. Chumvi hajui kutojua. Muulize njia ya kwenda mahali ambapo hajawahi kufika, atakuelekeza mpaka mlangoni na kukupa salamu za wenyeji. Mama Pacha akainuka, akachomeka sindano kwenye kola yake, akatafuta viatu.

"Nahodha, mshike mkono. Tunakwenda hospitali."

"Dada, mtu anafanya mzaha."

"Huyu hafanyi mzaha. Angekuwa anafanya mzaha, hilo tangi lingekuwa limeshakuwa lori."

Nahodha akataka kubisha, lakini njiani, karibu na geti la hospitali, Chumvi akainama akatapika chai yote. Tangu hapo Nahodha hakubisha tena, na hata mzigo wa viatu vya mpira akaubeba yeye.

Daktari alikuwa dada mmoja mwenye miwani na subira. Alimtazama mzee machoni kwa tochi, akamwambia afuate kidole, atembee kwenye mstari wa vigae, ataje miezi kwa kurudi nyuma. Chumvi akaanzia Desemba, akafika Oktoba, akapita Machi, akarudi Oktoba. Hapo akajaribu kuokoa heshima kwa kusema kwamba mwaka wake yeye ndivyo ulivyopangwa. Daktari akatabasamu, kalamu ikaning'inia, akamgeukia mke. Je, ndivyo alivyo siku zote?

Mama Pacha akaeleza. Akaeleza habari ya kabati, paka, mbuzi na fundi aliyenenepa. Akaeleza kwamba mume wake ni mwongo, tena hodari, lakini mwongo anayeendelea mbele, na leo amesimama pale pale kama saa iliyoishiwa betri. Alisema haya kwa uso mkavu kabisa, na nesi aliyekuwa pembeni ilimbidi atoke nje kidogo. Daktari hakucheka.

"Mama, vipimo tunavyo," akasema, "lakini hakuna kipimo kinachoijua kawaida ya mtu kuliko anayeishi naye. Umefanya vizuri kumleta."

Kwa kuwa umri wake umekwenda, wakampiga picha ya kichwa kutafuta damu iliyovuja ndani. Haikuwepo. Chumvi akasikia "haikuwepo" akainuka kitandani, akadai suruali yake, akisema hata mashine imekubali kwamba ndani hamna kitu. Nahodha, kwa mazoea, akasema hilo walilijua siku nyingi. Ndipo daktari akawaketisha wote na kuwapa somo. Picha inaonyesha mfupa uliovunjika na damu iliyomwagika. Mtikisiko wa ubongo hauonekani humo. Ubongo ni laini, umekaa ndani ya fuvu, umezungukwa na maji. Kichwa kikisimama ghafla, wenyewe unaendelea na safari, unajigonga, unajisokota, na kazi zake zinavurugika kwa muda hata kama nje hakuna nundu. Kuzimia si lazima, wengi hawazimii. Ndiyo maana mtu anarudia maneno, anasahau chai aliyokunywa, kichwa kinamgonga, mwanga na kelele vinamchoma, tumbo linachafuka, anakuwa na hasira au machozi yasiyo na mwenyewe. Kosa kubwa lilifanyika pale uwanjani, akasema, alipoachwa aendelee. Akigongwa tena kabla mtikisiko wa kwanza haujapona, hata kwa pigo dogo, huenda tukazungumza mambo mengine kabisa.

Nahodha alikuwa anavitazama vidole vya miguu yake.

Wakamweka chini ya uangalizi mpaka jua lilipopoa, kisha wakamruhusu. Daktari alimtajia Mama Pacha mambo ya kumrudisha nayo mbio: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kutapika tena na tena, degedege, ulimi mzito, mkono au mguu kulegea, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, usingizi asioweza kuamshwa. Mama Pacha aliyarudia kwa midomo huku daktari bado anasema, kama anavyorudia vipimo vya mteja, kiuno, kifua, bega. Siku mbili za mwanzo ni utulivu, akaambiwa, kisha arudi kwenye shughuli taratibu, hatua kwa hatua, na kila hatua ikileta maumivu arudi nyuma. Mpira hapana, mpaka yeye daktari aseme. Na mgonjwa aseme ukweli juu ya anavyojisikia. Hapo Mama Pacha na Nahodha wakatazamana.

Fainali ilikuwa Jumamosi inayofuata.

Kuanzia kesho yake, ukimuuliza Chumvi kichwa kinaendeleaje, alijibu kwamba ni chepesi kama unyoya. Mama Pacha hakumuuliza tena. Alimtazama. Aliona anavyosogeza kiti mbali na dirisha, na anavyoshika ukingo wa meza kabla ya kuinuka. Aliona anavyokunja uso cherehani ikianza kuimba. Mwanamke huyu, mwenye sare za shule nzima zikimsubiri, akaifunika cherehani kwa shuka, akashona kwa mkono. Walimu wakaja kulalamika. Akawapa viti, akawaomba waongee polepole. Siku moja Chumvi alilia kwa sababu kifungo cha shati kilikataa kuingia kwenye tundu lake, akalia kama mtoto, kisha akaona haya, akasema ni kitunguu. Hapakuwa na kitunguu nyumba nzima. Mama Pacha akasema, "Kikali kweli," akamfungia kifungo.

Katikati ya wiki Nahodha akaja, amevaa uso wa mtu anayetaka kuomba kitu. Chumvi alikuwa amejilaza chumbani, pazia limeshushwa. Nahodha akaanza mbali, akasifia sare, akasifia mshono, mwisho akatua. Ni mechi moja tu. Golikipa wa akiba ni fundi bomba, na anadaka kama anavyoziba mabomba: maji yanapita. Shemeji mwenyewe anasema kichwa hakimuumi. Watamfunga kitambaa kinene kichwani, au wamvalishe hata helmeti ya pikipiki, refa ni mtu wao, hatasema kitu.

Mama Pacha akaliteremsha sanduku la vifungo, akalifungua, akamwonyesha mdogo wake jinsi lilivyopangwa: vyeupe na vyeupe, vya bluu na vya bluu, vya koti peke yao. Akalifunga kwa kikomeo chake. Akalizungushia kitambaa cha pamba mara kadhaa, likawa nene kama mto. Kisha akaliinua, akaliangusha sakafuni.

"Bati limebonyea?"

Nahodha akaligeuzageuza. "Halijabonyea."

"Fungua."

Akafungua. Vyeupe vilikuwa vimelala na vya bluu, vya koti vimeruka kuta, ilikuwa vurugu kama soko lililonyeshewa.

"Hiyo ndiyo helmeti yako," akasema Mama Pacha. "Inazuia bati lisipasuke, na hilo ni jema. Humu ndani haipangi kitu. Sasa vipange."

Nahodha akacheka, akaona dada yake hacheki, akaketi. Vidole vyake ni vya kushika patasi, vinene kama miguu ya meza, na vifungo vya shati vilimteleza kama sabuni ile waliyoifunga. Alipanga, akahesabu kimoyomoyo, akatukana kidogo, akaomba radhi. Chai yake ikapoa. Kilipobaki chumba kimoja tu, tena vimebaki vichache, Mama Pacha akapita na kitambaa chake cha kukata, na nyonga yake, kwa bahati mbaya ya makusudi, ikaigonga meza. Sanduku lilikuwa wazi. Vikaruka vyote, vingine mpaka chini ya cherehani.

"Dada, sasa ndiyo nini hiyo?"

"Hiyo ni Jumamosi."

Nahodha akabaki ameshika kifungo kimoja cha bluu.

"Hivi vikipotea nitanunua vingine," akasema Mama Pacha, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. "Aliyelala kule ndani sina wa akiba. Ni mwongo, lakini nimemzoea. Nataka nirudishiwe uongo wangu wote, umekamilika."

Nahodha akapiga magoti chini ya cherehani, akaokota vifungo mpaka cha mwisho, akavipanga. Alipomaliza akauliza kama dada yake ana godoro la zamani. Wakalikata pamoja mchana ule, Mama Pacha akashona magunia marefu ya turubai, wakayajaza sponji, na Ijumaa Nahodha na fundi bomba wakayafunga kwenye nguzo za goli, pande zote mbili za uwanja. Nahodha pia akaiambia timu kwamba desturi ya maswali inaendelea, ila imepata nyongeza: aliyegongwa kichwa anatoka, akijibu vizuri au vibaya, akitaka au asitake, na anayeamua kama yuko sawa ni daktari, akisaidiwa na anayekula naye meza moja. Mjane mmoja wa timu akauliza yeye ataamuliwa na nani. Akaambiwa aoe.

Ikafika Jumamosi. Na hapa mwandishi anataka ijulikane kwamba Chumvi, kwa hiari yake, kwa moyo mkunjufu, aliitoa jezi yake kwa ajili ya fundi bomba, akaketi benchi mtulivu kama maji mtungini, mwanzo hadi mwisho, akishangilia kwa kupunga mkono tu ili asijisumbue kichwa. Samani wakafungwa matatu. Katika kulifukuzia la pili fundi bomba alijirusha akaipiga nguzo kwa kichwa, palepale alipopiga mwenzake, na nguzo ikampokea kwa godoro. Aliinuka anacheka. Nahodha akamtoa hata hivyo, akakaa golini yeye mwenyewe, na la tatu likaingia katikati ya miguu yake. Kombe likaenda kwa Viberiti. Hakuna mtu wa Samani aliyemlaumu mwenziwe.

Zikapita wiki. Chumvi akaanza kwa kutembea mpaka dukani, kisha mpaka uwanjani, kisha kukimbia kidogo pembeni ya mstari kama kuku anayeogopa tope. Siku moja alikimbia zaidi ya alivyoambiwa, kichwa kikamgonga, akarudishwa hatua nyuma, akanung'unika. Cherehani ikafunuliwa, ikaimba kidogo, ikaimba zaidi. Mwisho wakarudi kwa daktari. Miezi ikatajwa kwa kurudi nyuma bila kujikwaa, mstari wa vigae ukatembelewa vizuri. Daktari, akiwa anaweka tochi mfukoni, akauliza tu kwa kuendeleza mazungumzo: hivi mzee, ilikuwaje hasa siku ile?

Chumvi akakaa vizuri. Lilikuwa lori, daktari, akasema. Lori limebeba tangi la maji, limekatika breki, linashuka kilima kuja golini, na dereva anapiga honi kuniomba msamaha. Nikajiuliza, nilidake lori au nimdake dereva?

Daktari akamtazama Mama Pacha. Mama Pacha alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu, na viatu vyake siku ile havikuwa na kamba. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la vitambaa. Akamshika daktari mikono miwili, akamwambia asante, akasema asante tena.

Hapo ndipo hadithi ilipokuwa iishie, imependeza, imepigwa pasi. Kwa bahati mbaya iliandikwa kwenye meza ya kukatia, na Mama Pacha husoma kila kinachoachwa kwenye meza yake. Mwandishi alikwenda kunywa maji. Aliporudi, mkewe alikuwa amesimama juu ya karatasi, sindano kwenye kola, kidole kimewekwa kwenye mstari mmoja. Ndiyo, mwandishi ni Chumvi mwenyewe, na kama hukugundua mpaka sasa, kuna daktari mzuri tunaweza kukuelekeza.

"Baba Pacha," akasema. "Kwa hiari yake?"

Mwandishi akakohoa.

"Moyo mkunjufu. Maji mtungini." Akasogeza kidole. "Na umeapa hapo mwanzo, umewatuma watu kwangu. Kaa chini uandike ilivyokuwa."

Basi ilikuwa hivi. Jezi haikutolewa na mtu. Chumvi aliificha ndani ya koti, na wakati wa mapumziko, Samani wameshafungwa moja, alizunguka nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, akavua koti, akaanza kuivaa. Mikono ikaingia, ikafika kwenye viwiko, ikagoma. Kichwa kikaingia, kikatafuta pa kutokea, hakikupata. Alivuta, akavuta tena. Kila tundu la jezi ile, shingo na mikono, lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kushonea maturubai, mistari miwili, mshono wa mtu asiyekusudia kuurudia. Alisimama pale gizani mwa jezi yake mwenyewe, mikono juu, kama nguo kwenye kamba. Na kwa kule kuvuta tu, kichwa kikaanza kugonga, dunia ikainama, ikambidi akae chini kwenye majani. Akafikiri: kama jezi imenishinda, nguzo ingenifanyaje? Akafikiri pia kwamba kuna mtu aliyekesha anamjua kiasi hicho, akakaa na sindano, hakusema neno, hakumwaibisha mbele ya watu. Akalia mle ndani, ambamo hapakuwa na haja ya kusingizia kitunguu. Mama Pacha ndiye aliyekuja kumvua.

Hayo ameyaandika. Lakini kwa Mama Pacha kuandika ni nusu ya adhabu. Aliiweka jezi mezani pamoja na wembe wa kufumulia, akaenda zake jikoni. Mwandishi alifumua uzi ule, tundu baada ya tundu, mpaka vidole vikauma. Akaifua, akaipiga pasi, na kwenye mazoezi yaliyofuata akasimama mbele ya timu nzima, akamkabidhi fundi bomba jezi ya golikipa ya msimu mzima. Akaeleza, kama alivyoagizwa, bila kukoleza. Aligonga kichwa nguzoni. Akamdanganya kila mtu kwamba hakimuumi, kwa ajili ya mechi moja. Akataka kurudi golini kwa kujificha, na angeweza kufa. Mke wake alimsikiliza siku ambayo wengine walicheka, na ndiyo sababu yupo hapa. Anamshukuru. Anamshukuru na daktari, na shemeji kwa magodoro. Basi, hana la kuongeza.

Timu ikasubiri aendelee, litokee lori, litokee hata paka. Halikutokea kitu. Nahodha akasogea, akamtazama shemeji yake mboni moja baada ya nyingine, akageuka alipokaa Mama Pacha.

"Dada," akasema, "huyu si mzima. Tumrudishe hospitali."

"Mwache," akasema Mama Pacha. "Analipa."